Sur, mji wa majahazi

Sur ni mji wa bandari mashariki mwa Oman, makao makuu ya mkoa wa Sharqiyah Kusini. Uko kiasi cha kilomita 200 kutoka Maskati kwa barabara. Mbele yake kidogo ni Ras al-Hadd, pwani inapokata kona na Ghuba ya Oman kuiachia Bahari ya Arabu.

Mji huu umelelewa na hori. Mlango wake ni mwembamba, na ndani maji hutanuka kati ya Sur yenyewe na mtaa wa Al-Ayjah ng'ambo. Maji yakijaa, vyombo huelea. Yakipwa, hulala ubavu juu ya tope, na hapo ndipo fundi hupata nafasi ya kukwangua chaza na kupaka shahamu bila kuhitaji gati wala mashine. Jahazi jipya husubiri bamvua ndipo lishushwe.

La kustaajabisha ni kwamba mji uliojenga majahazi makubwa hivyo hauna msitu. Msaji uliletwa kwa bahari kutoka Malabar, India. Mafundi hulaza mkuku, hupandisha mbao za ubavuni, kisha ndipo hutia mataruma kwa ndani. Umbo la chombo fundi mkuu analo kichwani, mchoro hauhitajiki. Tundu hutobolewa kwa keekee, na msumari huviringishiwa pamba iliyochovywa mafuta kabla ya kupigwa, ili maji yasipenye. Zamani mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, kama mtepe wa Lamu. Chombo kilichoipa Sur sifa ni ghanja, jahazi la safari ndefu lenye tezi iliyonakshiwa.

Kabla ya Sur, bandari kubwa ya upande huu ilikuwa Qalhat, ambayo msafiri Ibn Battuta aliifikia na Wareno wakaishambulia mwaka 1508. Ilipofifia, Sur ikashika nafasi, na kufikia karne ya 19 manahodha wake walijulikana pwani yote ya Afrika Mashariki. Walishuka na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu; walipanda na kusi wakiwa na boriti za mikoko, pembe za ndovu na karafuu. Walibeba pia watumwa, na sehemu ya utajiri wa mji ilitokana na biashara hiyo. Haifai kuisimulia Sur kwa uzuri wa vyombo vyake tu.

Manowari za Uingereza zilipozidi kupekua majahazi kutafuta watumwa, manahodha wengi wa Sur walichukua hati na bendera ya Ufaransa. Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya jambo hilo ulifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliiwekea Ufaransa mipaka mikali ya kutoa bendera hiyo. Wakati huo meli za moshi zilikwisha kuwanyang'anya shehena. Nahodha aliyengoja upepo hakuweza kushindana na meli inayoondoka kwa ratiba.

Ufundi haukufa hata hivyo. Mwaka 1980 lilijengwa hapa Sur jahazi la kushonwa lisilo na msumari, lililoitwa Sohar, ambalo msafiri Tim Severin alisafiri nalo hadi China. Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa Sur mwaka 1951, ilikuwa imeuzwa nje. Mwaka 1993 ilirudishwa kutoka Yemen, na sasa imepandishwa nchi kavu ufukweni kama kumbukumbu. Leo riziki kubwa ya eneo hili ni kiwanda cha kusindika gesi cha Qalhat kilichoanza mwaka 2000, pamoja na uvuvi na wageni wanaokwenda Ras al-Jinz kutazama kasa wakitaga.

Kiswahili bado husikika mjini, hasa katika familia zilizorudi kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Na katika nyumba kongwe, ukiinua macho, dari imeshikwa na boriti za mikoko zilizokatwa upande wetu wa bahari.