Unaenda Shoo ya Rock Nje, Kisii ama Nyamira? Panga Haya na Mbogi Mapema

Mbogi imeshaamua. Kuna bendi inakuja, jukwaa litakuwa nje, na hakuna mtu anabaki kejani. Fiti sana. Lakini shoo ya nje huku Gusii ina mambo yake: mvua, matope, baridi, na magari yanayopungua usiku ukiingia. Venye usiku wako utaisha inategemea sana vitu mlipanga mchana. Hii hapa rada yote.

Kwani rock na Gusii zinajuana?

Ukweli usemwe, rock ya Kenya imejengwa Nairobi zaidi, na bendi kama Parking Lot Grass, Murfy's flaW, Last Year's Tragedy na Crystal Axis. Lakini usikubali mtu akuambie muziki mzito ni wa wageni. Abagusii wana obokano, ala kubwa ya nyuzi 8 ambayo mchezaji huicheza akiwa ameketi. Sauti yake inanguruma chini kabisa na kukwaruza, karibu kama gita la besi likipitia spika iliyofunguliwa hadi mwisho. Halafu wakaja kina Christopher Monyoncho na gita zao, wakiimba kwa Ekegusii. Kwa hivyo ukijikuta unatingisha kichwa pale mbele, usishangae.

Jua uwanja kabla haujajaa

Kisii mjini, uwanja wenye kila mtu anajua ni Gusii Stadium, nyumbani kwa Shabana FC. Ndio ulibeba sherehe za Mashujaa Dei tarehe 20 Oktoba 2020. Kama huwa unaenda kushangilia Tore Bobe, unajua mageti. Lakini siku ya mechi watu huzunguka uwanja mzima. Siku ya shoo wote wanaangalia upande mmoja na kusukumana kuelekea huko. Kwa hivyo fika mapema, tembea, tafuta mageti mawili ya kutokea, na mchague mahali pa kukutana mkipoteana. "Karibu na choo" haitoshi, hapo patakuwa na watu mia. Chagueni kitu kinachoonekana kwa mbali, kama mlingoti ama mti mkubwa. Fanya hivyo hivyo kama shoo iko uwanja wa shule huko Nyamira.

Tena usingoje kupiga simu. Maelfu ya watu wakiwa mahali pamoja, mtandao hulemewa. Meseji ya kawaida mara nyingi hupita wakati simu imekataa.

Tiketi

Ukilipa kwa M-Pesa, soma vizuri jina linalotokea. Kama ni la mtu usiyemjua na si la waandaaji, simamisha hapo hapo. Tiketi za "nitakutumia badaye" ndizo huleta ngori getini.

Mvua haitaomba ruhusa

Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Mvua huku hunyesha karibu mwaka mzima, zaidi Machi hadi Mei, na hupenda kuja mchana ama jioni, saa zingine na mawe. Beba koti la mvua. Mwavuli utamziba mtu wa nyuma na kumdunga wa kando. Vaa viatu vya kufunga kamba, matope ya Kisii hula slipa. Ndani vaa sweta, kwa sababu jua likishuka baridi haina huruma.

Radi ikianza, toka karibu na vyuma vya jukwaa na usijifiche chini ya mti. Ingia kwenye jengo ama ndani ya gari. Huku radi huua watu, hii si story ya kutisha watoto.

Pale mbele

Hapa soma polepole. Tarehe 30 Juni 2000, bendi ya Pearl Jam ilikuwa inacheza nje kwenye tamasha la Roskilde, Denmark. Kulikuwa kumenyesha na chini kumeteleza. Watu wakaanguka mbele ya jukwaa, wengine wakasukumwa juu yao, na vijana 9 wakafa. Karibu na sisi, Kampala, usiku wa kuamkia 2023 watu walitoka kuangalia fataki kwenye jumba la Freedom City. Wakati wa kupita mlango mwembamba wakakanyagana, na watu wasiopungua 9 wakafa.

Kwenye msongamano, wengi hufa kwa kukosa hewa kifuani, hata wakiwa wamesimama. Kwa hivyo jua dalili. Ukiguswa pande zote na huwezi kuinua mkono ujikune pua, umekaa sana. Ukihisi umati unakubeba bila wewe kupiga hatua, toka sasa hivi.

Kutoka kuna njia yake:

- Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, upate nafasi ya kupumua.
- Usipigane na wimbi. Likitulia kidogo, songa kwa mshazari kuelekea kando.
- Kitu kikianguka, hata kama ni simu, usiiname.
- Mtu akianguka, mwinueni mara moja na mpige kelele watu wasimame.

Masikio

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2022 lilisema sauti ya shoo isipite wastani wa desibeli 100. Usisimame mbele ya spika. Nunua vizibo vya sponji kwa duka la dawa. Muziki utausikia vizuri tu, na kesho masikio hayatalia "nziii".

Kurudi home

Hapa ndipo mbogi nyingi huharibikiwa. Kama mnatoka Keroka, Nyamira ama Ogembo, usitegemee kupata mathree usiku wa manane. Ongeeni na draiva mchana, mkubaliane bei na mahali atawapata, ama mpange kulala kwa beshte mjini. Nduthi iwe ya mtu mnayemjua, abebe mtu mmoja, na helmeti iwepo. Aliyelewa haendeshi, hata kama ni gari ya babake.

Chagueni watu wawili ambao hawatakunywa. Kazi yao ni kuhesabu vichwa: mkiingia, katikati ya shoo, na mkitoka. Mlikuja sita, mnaondoka sita. Kinywaji ukiwacha mezani, usikirudie. Na dem wa mbogi akisema anataka kwenda home, kuna mtu anaenda naye hadi mlangoni.

Namba za kuweka kwa simu

- Polisi na dharura: 999 ama 112
- Msalaba Mwekundu: 1199
- Ukatili wa kijinsia: 1195

Tumia mbogi hii leo kwa grupu yenu, mkubaliane nani anahesabu vichwa. Mengine muachie bendi.