Karata kuukuu na siri ya mzungu wa pili

(Mazungumzo ya redioni ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani)



Wahenga walituusia kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao. Leo nimekuja mbele yenu na kosa langu mwenyewe, maana mbachao niliutupa, tena kwa mikono yangu hii miwili.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na jozi moja ya karata aliyoitunza ndani ya kopo la biskuti. Kila siku baada ya sala ya alasiri alitoka nalo barazani, wenzake watatu wakaja, wakacheza wahedi u sitini mpaka adhana ya magharibi. Karata zenyewe zilikuwa zimelainika kama kitambaa. Ree ya shupaza ilikuwa imepotea miaka mingi, na mahali pake mjomba aliitumia jokari aliyoichora mwenyewe kwa wino. Sisi watoto tulikaa pembeni tukitazama, na kazi yetu ilikuwa kutumwa kahawa.

Siku moja nilimwuliza maswali mawili. La kwanza: mbona karata ya kopa ina picha ya moyo, na kopa si moyo? La pili: kwa nini mzungu wa pili, ambaye ni bibi, analiwa na mzungu wa tatu, kijana tu, wakati sote tunajua kwamba malkia ni mkubwa kuliko kijana wa jumba lake? Mjomba hakuinua macho. Alitupa karata yake, akasema: "Ndivyo tulivyokuta."

Alipofariki tukasafisha chumba chake. Kopo nililichukua nikawekea misumari. Karata nikazitupa jalalani. Ilinichukua miaka mingi kujua nilichokitupa, na aliyenifumbua macho si msomi wa hapa kwetu, bali ni watu wa mbali wenye kazi ambayo wengi wetu tungeiita ya kitoto: kukusanya karata kuukuu.

Hebu tuanze na jambo moja. Karata ni kitu cha karatasi kilichotengenezwa ili kitumike mpaka kiishe. Zikichakaa hutupwa. Zaidi ya hayo, karata zimekuwa na maadui tangu zilipoanza kuonekana. Mwaka 1377 wakuu wa mji wa Florence, Italia, walipitisha amri ya kuzizuia, na amri hiyo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Ulaya yanayotaja karata. Mwaka 1423 mhubiri Bernardino wa Siena alihubiri Bologna akiwahimiza watu wazitie motoni. Kwa hiyo kitu kilichokuwa katika kila nyumba, kila kilabu na kila kambi ya askari ndicho kilichosalia kwa uchache mno. Kitu cha anasa hufungiwa kabatini. Kitu cha kila siku hakuna anayekitunza, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake anacho.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1931 mtaalamu mmoja wa sanaa za Kiislamu, L. A. Mayer, alikuwa akipekua hazina za jumba la Topkapi mjini Istanbul, Uturuki. Humo akakuta karata kubwa zilizochorwa kwa mkono na kutiwa dhahabu, kazi ya Misri ya zama za watawala wa Kimamluki. Jozi ilikuwa ya karata 52, zilizosalia zilikuwa 47. Zilikuwa na aina nne: vikombe, sarafu, panga, na fimbo za mchezo wa polo. Katika kila aina walikuwamo wakubwa watatu: mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Neno ni hilo hilo naibu tunalolitumia maofisini kwetu, na ndilo linaloaminika kuwa asili ya neno naipes, ambalo Wahispania huitia karata hadi leo.

Mnaona basi jinsi mambo yalivyokwenda. Kabla ya karata kuwa mchezo wa Wazungu, zilikuwa mchezo wa Waislamu wa Misri. Zikavuka bahari ya Mediterania, zikafika Italia, Hispania na Ureno zikiwa na aina zile zile nne, isipokuwa fimbo ya polo, mchezo ambao wenyeji hawakuujua, ikageuka kuwa gongo la kawaida. Kireno kikaziita hivi: copas, yaani vikombe, ouros, yaani dhahabu, espadas, yaani panga, na paus, yaani magongo.

Sasa taja polepole majina ya karata kama wazee wetu wa pwani wanavyoyataja: kopa, uru, shupaza, pau. Naam! Kopa si moyo, ni kikombe. Uru si pembe nne nyekundu, ni dhahabu. Shupaza si jembe wala jani, ni upanga. Na pau si ua, ni gongo. Hata neno karata lenyewe ni la Kireno, kama zilivyo meza, bendera na leso. Turufu nayo ni ya huko huko.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 chini ya Vasco da Gama, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593, wakang'olewa humo mwaka 1698. Mizinga yao tunaionyesha kwa watalii. Lakini kumbe waliacha pia mabaki mepesi kuliko mizinga, na mabaki hayo yanapita midomoni mwa watu kila jioni barazani.

Picha nazo zilibadilikaje? Mafundi wa Ufaransa, katika karne ya 15, walibuni alama rahisi za rangi mbili, moyo na wenzake, ambazo zilichapwa upesi na kwa gharama ndogo. Urahisi ukashinda. Alama za Kifaransa zikaenea duniani, na Wareno wenyewe hatimaye wakaziacha picha zao za zamani. Ila majina hawakuyaacha. Wao hadi leo wanauona moyo na kusema kikombe. Na sisi vivyo hivyo, tena bila kujua kwamba tunasema kikombe.

Swali langu la kwanza limejibiwa. Nalo la pili?

Katika wahedi u sitini, kama jina la Kiarabu linavyosema, anayetafutwa ni sitini na moja. Ree ina pointi 11. Seti, yaani saba, ina 10. Mzungu wa nne, ambaye ni mfalme, ana 4. Mzungu wa tatu, ambaye ni kijana, ana 3. Mzungu wa pili, ambaye ni bibi, ana 2. Jumlisha, upate 30. Zidisha kwa aina nne, upate 120. Nusu yake ni 60, hivyo mwenye 61 ameshinda. Wareno nao wana mchezo wao wa sueca unaochezwa hadi leo, na hesabu yake ni hiyo hiyo: 11, 10, 4, 3, 2, jumla 120. Kumbe wazungu wetu hawakuitwa wa pili, wa tatu na wa nne kwa foleni. Wameitwa kwa thamani yao. Seti nayo ni saba ya Kireno, sete.

Na kwa nini bibi ni wa chini? Kwa sababu karata za kale za Kireno hazikuwa na malkia. Zilikuwa na mfalme, mpanda farasi, na chini yao mtumishi, ambaye katika karata za Kireno alichorwa kama mwanamke. Karata zenye alama za Kifaransa zilipokuja na malkia wao, watu wakampa malkia nafasi ya yule mtumishi, kwa kuwa wote wawili ni wanawake, na kijana akashika nafasi ya mpanda farasi. Yule bibi aliyekuwa akiliwa mbele ya macho yangu utotoni hakuwa malkia hata kidogo. Alikuwa mtumishi aliyevikwa taji baadaye, na sheria za mchezo hazikukubali kudanganywa na taji.

Mambo haya yanajulikana leo kwa sababu wako watu waliokusanya. Uingereza alikuwako bibi mmoja, Charlotte Schreiber, aliyezunguka Ulaya akinunua mapepeo na karata ambazo wenziwe waliziona takataka. Kati ya 1892 na 1895 alichapisha majuzuu makubwa yenye picha za karata zake, na baada ya kifo chake mwaka huo wa 1895, karata hizo zikawa mali ya British Museum, London. Japani nako, ambako Wareno walitia nanga mwaka 1543 na kuacha neno karuta, ndugu wa toka nitoke wa karata yetu, inatunzwa karata moja tu iliyosalia kutoka jozi za kwanza zilizochapwa huko kwa mfano wa Kireno. Moja, ndugu wasikilizaji! Lakini moja hiyo inatosha kushuhudia.

Mkusanyaji mzuri huisoma karata kama hakimu asomavyo hati. Huanza na ree ya shupaza. Uingereza ilitoza kodi kila jozi ya karata, na tangu mwaka 1765 ree ya shupaza ilichapwa na ofisi ya serikali yenyewe kuwa risiti ya kodi hiyo. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 1805 mtu mmoja, Richard Harding, alinyongwa kwa kughushi ree ya shupaza. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1960. Kwa hiyo ree ya shupaza ya Kiingereza huweza kueleza karata zilichapwa zama zipi na nani. Kisha mkusanyaji hutazama pembe: karata za zamani hazina namba pembeni. Hutazama wazungu: wa kale wana miguu, hawana vichwa viwili. Hutafuta jokari: huyo ni mtoto wa Marekani wa karne ya 19, hivyo jozi aliyomo tangu mwanzo haiwezi kuwa ya kale zaidi ya hapo.

Najua mtaniuliza, je, kuna fedha humo? Wakati mwingine zipo. Mwaka 1983 jumba la Metropolitan la New York lilinunua jozi kamili ya karata 52 za karne ya 15 kwa dola 143,000, ambazo mfanyabiashara wa Amsterdam alikuwa amezipata kwa dola 2,800 tu. Lakini ninawasihi msikimbilie kuchakura masanduku ya bibi zenu kwa tamaa ya dola. Karata za mjomba zisingeuzwa hata kwa bei ya kilo ya sukari. Zilikuwa za kiwandani, zimechakaa, na ree yake ya shupaza, ile ambayo ingetueleza umri wake, haikuwamo. Thamani yake ilikuwa ile jokari ya wino, mkono wa mtu mmoja aliyekataa kuacha mchezo ufe kwa kukosa karata moja. Hiyo haipatikani mnadani, na ndiyo niliyoitupa.

Sasa tufanye nini? Mwenye jozi kuukuu nyumbani asiitupe, hata ikiwa imepungua. Asiifunge kwa mpira, maana mpira huoza na kugandia karatasi. Aifunge kwa karatasi safi, aiweke pakavu mbali na mende. Asiibandue pakiti yake, kwa kuwa jina la kiwanda limo humo. Na iliyochorwa kwa mkono asiibadilishe kwa mpya.

Lakini iko kazi kubwa zaidi, nayo haihitaji hata senti moja. Sisi wa pwani hatuna jumba lenye karata za karne ya 16. Tulichonacho ni majina na sheria, na hivyo vimehifadhiwa vinywani. Vijana wengi leo wanazitaja karata kwa umbo wanaloliona: moyo, ua, jembe. Hawana kosa, wamekuta picha. Lakini siku atakapoondoka mzee wa mwisho anayesema seti na mzungu wa nne, jozi yetu ya kale itakuwa imetupwa, na hakutakuwa na Topkapi ya kuipekua. Basi chukua daftari, mpigie mzee hodi, umwamkie, umwombe akufundishe mchezo. Andika kila jina analolitaja, kila hesabu, kila tusi la utani analomtolea mwenzake akimla ree. Andika mji, na andika mwaka.

Mjomba alisema ndivyo walivyokuta. Alisema kweli, na aliyokuta aliyafikisha kwangu salama, yote, bila kuyajua maana. Mimi niliyeijua maana ndiye niliyetupa. Ninyi msifanye kama mimi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.