Stadi za maisha na maana ya kujitegemea

Mwalimu akikuambia ana kipindi cha stadi za maisha, muulize kwanza ni stadi zipi. Istilahi hii imebeba mambo mawili. La kwanza lilienezwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1990: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua, kuhimili hisia. Hilo liliingia katika shule zetu kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya UKIMWI. La pili hukutwa zaidi katika vitengo vya wanafunzi wenye ulemavu wa akili au usonji: kuoga, kufua, kupika, kununua sukari na kurudi na chenji, kupanda daladala na kujua wapi pa kusema “shusha”. Hilo la pili ndilo ninalolizungumzia.

Neno lenyewe ni zuri. Fundi stadi ni aliyeimudu kazi yake. Shuleni, stadi imekuwa jina la kile mtu anachokimudu. Nalipenda kuliko maarifa, maana mtu anaweza kuwa na maarifa ya kupika bila kuwahi kuinjika sufuria.

Kwa aliyezoea, kupika chai ni kitendo kimoja. Mwalimu wa kitengo hukigawa: kupima maji, kuwasha jiko, kuinjika, kungoja mchemko, kutia majani, kuipua, kuchuja, kumimina. Kisha wengine huanzia mwisho. Mwalimu hufanya hatua zote za awali, mwanafunzi akamimina tu. Akishaweza, huchuja na kumimina, na hivyo hurudi nyuma hatua kwa hatua. Uzuri wake ni kwamba kila mara mwanafunzi ndiye anayeimaliza kazi, na kikombe ni chake. Msaada nao hupunguzwa taratibu: kushikwa mkono, kuonyeshwa kwa kidole, kukumbushwa kwa neno, hatimaye mwalimu hunyamaza. Na mazoezi hayaishii darasani. Wengi wa wanafunzi hawa hupata shida kuhamisha walichojifunza kutoka mahali pamoja hadi pengine, kwa hiyo noti za kuigiza za darasani hazitoshi; ni lazima wafike dukani kwenyewe, wakapange foleni na kumkabidhi muuzaji pesa.

Haya yote hufanywa ili mwanafunzi aje aishi kwa kujitegemea katika jamii, na hapa ndipo tafsiri ya neno kujitegemea inapohitaji uangalifu. Tanzania ilikwisha kulipa neno kujitegemea uzito wake mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea: tuzalishe kwa jasho letu, tusiishi kwa kuomba. Harakati za watu wenye ulemavu zilikusudia jambo jingine kwa neno hilo. Ed Roberts, aliyepooza karibu mwili mzima kwa polio, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea huko Berkeley, Marekani, mwaka 1972. Alihitaji wasaidizi kila siku, na mashine ya kumsaidia kupumua. Alijitegemea kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua asaidiwe nini, lini na nani. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009, inashika njia hiyohiyo: mtu achague mahali pa kuishi na wa kuishi naye, na apate huduma za kumwezesha.

Tukilisoma neno kwa maana ya kutomhitaji mtu, asiyeweza kuoga mwenyewe ataonekana hafai kwa kipindi hiki, naye atarudishwa nyumbani akae. Ndiyo maana napendekeza tuseme maisha ya kujiamulia katika jamii. Asiyeweza kufunga vifungo vya shati anaweza kulichagua shati. Kumfundisha kusema “hili silitaki”, kwa sauti, kwa picha au kwa kutikisa kichwa, na kumfundisha mlezi kulipokea jibu hilo, ni stadi za maisha sawa na kupika chai, na kunastahili saa zake kwenye ratiba.