Makaa ya mawe ya Ngaka: Ubia wa Serikali na wawekezaji unavyofanya kazi Mbinga

WILAYA ya Mbinga mkoani Ruvuma inajulikana kwa kahawa ya Arabika na kilimo cha ngoro cha Wamatengo. Lakini tangu mwaka 2011 barabara zake zimekuwa zikipitisha mzigo wa aina nyingine, nao ni makaa ya mawe kutoka Ngaka.

Mgodi wa Ngaka ulizaliwa kutokana na ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), ambalo ni mali ya umma, na kampuni ya Intra Energy ya Australia. Mwaka 2008 pande hizo mbili ziliunda kampuni ya Tancoal Energy. NDC ilipewa asilimia 30 ya hisa na mwekezaji asilimia 70. Uchimbaji ulianza mwaka 2011.

Kampuni hiyo iliundwa kabla nchi haijawa na sheria mahususi ya ubia. Sera ya Taifa ya Ubia ilitolewa mwaka 2009, na Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilipitishwa na Bunge mwaka 2010, kisha ikarekebishwa mwaka 2014, 2018 na 2023.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, ubia ni mkataba ambao sekta binafsi hutekeleza kazi ambayo kwa kawaida ni ya Serikali, na pande zote hugawana hasara zinazoweza kutokea. Ubia wa Ngaka ni wa aina nyingine: ni kampuni ya pamoja, ambamo Serikali ni mwanahisa kupitia shirika lake.

Gawio na ushuru

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mwanahisa hulipwa gawio, na gawio hutokana na faida inayobaki baada ya kampuni kutoa gharama, mikopo na kodi. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa katika kupanga gharama hizo. Ndiyo maana makaa yanaweza kuchimbwa na kuuzwa kila siku bila mwenye asilimia 30 kupata chochote. Suala la NDC kutopata gawio kutoka Tancoal limewahi kuhojiwa katika taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG).

Kwa upande wa halmashauri, hesabu ni nyingine. Ushuru wa huduma hutozwa kwenye mauzo, wala hausubiri faida. Aidha, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni yenye leseni inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia huduma za jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Marekebisho hayo pia yaliipa Serikali haki ya kumiliki hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati.

Umeme ulipotoka

Mpango wa awali wa Ngaka haukuwa kuchimba na kuuza pekee. Ulihusu pia kujenga kituo cha kufua umeme kwa makaa hayo. Kituo hicho hakikujengwa pamoja na mgodi.

Sababu za kiuchumi za tofauti hiyo zinaeleweka. Mgodi wa wazi unaweza kuanza kwa mashine chache na wateja wachache. Kituo cha umeme kinahitaji mtaji mkubwa, njia ya kusafirisha umeme, na mkataba wa bei wa miaka mingi na TANESCO. Mkataba huo usipopatikana, hakuna benki inayokopesha.

Mkoa wa Ruvuma, ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli, uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kupitia njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden. Umeme ulifika, lakini haukutoka Ngaka.

Barabara, ziwa na reli

Soko la makaa lilikua baada ya Serikali kuzuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, hatua iliyovifanya viwanda vya saruji vigeukie Ngaka. Novemba 2021 bandari ya Mtwara ilianza kupakia makaa ya Ruvuma melini, na mwaka 2022 vita vya Ukraine viliongeza wanunuzi kutoka Ulaya. Mzigo huo husafiri kwa malori zaidi ya kilomita 600 hadi Mtwara.

Njia ya pili ni Ziwa Nyasa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) ilijenga bandari ya Ndumbi na kununua meli za mizigo za MV Ruvuma na MV Njombe, zilizoundwa Kyela na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Gharama hizo zote zimebebwa na umma, na hazionekani katika asilimia 30 za NDC.

Mradi mkubwa zaidi bado uko mbele. Serikali imepanga kujenga kwa ubia reli ya takriban kilomita 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga wilayani Ludewa. Huko Ludewa, NDC ilisaini ubia mwingine na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, kwa hisa 20 kwa 80. Mradi huo wa chuma na makaa ulikwama kwa miaka mingi.

Kwa wakazi wa Mbinga na mwambao wa Nyasa, mikataba hiyo miwili inaonyesha mambo ya kuuliza kabla reli haijasainiwa: nani atasimamia hesabu, umma utalipwa kutokana na mauzo au faida, nani atabeba hasara mzigo ukipungua, na mbia asiyetekeleza ahadi kwa wakati atapoteza nini. Asilimia za hisa pekee hazijibu hata swali moja kati ya hayo.