Wastani Upi wa Mvua?

Utabiri wa msimu nchini Tanzania ukisema vuli itakuwa na "mvua za wastani hadi juu ya wastani", unaulinganisha msimu ujao na misimu ya miaka mingi iliyopita. Mhandisi wa bwawa naye husema "wastani wa mvua", lakini ana lake: mvua ya siku moja, au mwezi mmoja, ikitandazwa kwa hesabu juu ya bonde zima. Wa kwanza anawastanisha miaka, wa pili anawastanisha ardhi. Huu wa pili napendelea tuuite wastani wa mvua kieneo.

Kipimamvua chenyewe ni kitu kidogo. Kile kilichozoeleka kwetu kina mdomo wa inchi 5, nacho husomwa saa 3 asubuhi. Milimita 1 humo ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Sawa, lakini kwa mita za mraba za wapi? Za uwanja wa shule kilipo, au na za msituni ambako hakuna wa kukisoma?

Kujumlisha na kugawanya kunatosha kwenye tambarare yenye vituo vilivyotawanyika vizuri. Kilimanjaro hakutoshi: mteremko wa kusini hunyeshewa kuliko wa kaskazini, na vituo hupenda kukaa walipo watu.

Mwaka 1911 Mmarekani Alfred Thiessen alipendekeza kila kituo kipewe uzito kwa ukubwa wa eneo lililo karibu nacho kuliko kituo kingine. Vitabu huyaita maeneo hayo poligoni za Thiessen. Mimi nayaita himaya. Neno lina harufu ya ukoloni, najua, ila linasema ambalo poligoni hailisemi: mvua yote ya humo inasemewa na kituo kimoja.

Tuseme bonde lina kilomita za mraba 100. Vituo viwili vya chini vyenye himaya za 20 na 30 vimepata milimita 40 na 50. Cha mlimani, chenye 50, kimepata 120. Wastani wa kawaida ni 70, wa himaya ni 83. Tofauti hiyo ya milimita 13 ni mita za ujazo milioni 1.3 za maji.

Hata hivyo himaya haijui mlima wala bonde. Ndiyo maana wengine huchora mistari ya mvua sawa, wakiipinda kufuata miinuko. Na kipimamvua kimoja kikiibwa kwa ajili ya shaba yake, himaya za jirani zake hutanuka siku hiyohiyo, ramani ikachorwa upya.