Shajara ya Nyangwe: Kumbukumbu Iliyofifia na Kusomwa Tena

Diski ngumu ya kompyuta inapoharibika, mara nyingi data zenyewe huwa hazijafutika. Kilichokatika ni njia ya kuzisoma. Hali kama hiyo iliupata waraka mmoja muhimu wa historia ya Maniema kabla kompyuta hazijabuniwa.

Mnamo mwaka 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe, penye soko kubwa kando ya Mto Lualaba, kusini mwa Kindu ya leo. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Hivyo aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la Standard, akiikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotokana na mbegu za mzingefuri. Kadiri miaka ilivyopita wino huo ulipauka, hata maandishi yakawa hayasomeki.

Humo mlikuwa na habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambapo watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliufyatulia risasi umati wa sokoni, wakaua mamia, wengi wao wanawake. Baadaye Livingstone aliinakili habari hiyo katika daftari jingine. Nakala hiyo, iliyohaririwa na Horace Waller na kuchapwa mwaka 1874, ndiyo iliyotegemewa na wanahistoria kwa zaidi ya miaka 130.

Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walianza kuzipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya namna nyingi, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho. Kwa kuwa wino wa mzingefuri na wino wa chapa hauakisi mwanga kwa namna moja, kompyuta iliweza kuyatenganisha maandishi hayo mawili. Matokeo yalitangazwa Novemba 2011.

Ilidhihirika kuwa shajara na nakala hazilingani. Katika shajara, Livingstone anawashutumu kwa ukali watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa waliokodiwa kwa Mabaniani wa Unguja. Katika nakala shutuma hizo zimepunguzwa. Ndipo Wisnicki alipouliza iwapo baadhi yao walishiriki katika mauaji yale. Swali hilo nakala ilikuwa imelifunika.

Nakala huhifadhi habari, lakini huhifadhi pia uamuzi wa mnakili. Wanaokusanya leo masimulizi na misamiati ya Maniema katika kompyuta hawana budi kutunza rekodi ya kwanza, hata yenye dosari, na kuiweka mahali zaidi ya pamoja.