Manusura: nani kamnusuru?

Mwanamke aliyepigwa na mumewe usiku, akapanda matatu alfajiri kutoka Masii kwenda mjini Machakos, ana majina mengi yanayomsubiri. Kwenye foleni ya hospitali ya Level 5 ni mgonjwa. Kwenye dawati la jinsia la polisi, fomu ya P3 mkononi, ni mlalamishi. Kesi ikifika kortini anageuka shahidi, maana anayemshtaki mume hapo ni Jamhuri. Akitaka amri ya kinga chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, basi ni mwombaji. Na akiingia katika ofisi ya shirika la kutetea wanawake, huko ataitwa manusura.

Jina hili la mwisho ndilo lenye ubishi. Lilichaguliwa kutafsiri “survivor” ya Kiingereza, likasukuma kando mwathiriwa, ambalo watetezi wengi wanaona linamfunga mtu kwenye jeraha lake. Hoja hiyo ina uzito. Ila mwathiriwa lina kitu nisichotaka tukitupe haraka: ile -wa ya mwisho. Ni kauli ya kutendwa. Aliyeathiriwa kaathiriwa na mtu, na sarufi yenyewe inauliza mtu huyo ni nani. Mwathirika haliulizi, huko mambo yametokea tu. Mtoto yeyote aliyewahi kumwambia mamake “kikombe kimevunjika” anaujua ujanja huo. Mhanga nalo lina harufu ya kujitolea, na hapa hakuna aliyejitolea.

Sasa manusura. Tunamsikia mtangazaji wa redio akisema abiria wamenusurika kifo baada ya matatu kubingiria. Hatari ilikuja, ikapita, Mungu akasaidia. Nyumbani si hivyo. Matatu ikishabingiria imebingiria, lakini mke anayerudi jioni kwa mume yuleyule bado yumo ndani ya gari.

Masii yenyewe tuliijua vibaya Julai 2016, mwanamke alipokatwa mikono yote miwili kwa panga na mumewe akashtakiwa. Picha zake zilienea nchi nzima. Kwa kipimo cha redio alinusurika, kwa kuwa alibaki hai. Baadaye wahisani walimpatia mikono bandia, na nadhani hapo ndipo neno letu linapoanza kusema zaidi ya lile la Kiingereza. Neno la Kiingereza humsifu mtu kwa kustahimili kwake mwenyewe. Letu limetoka kwenye kunusuru, tulilolipata kwa Waarabu, nako ni kuokoa na kusaidia. Palipo na manusura panatakiwa pawe na aliyemnusuru: jirani aliyesikia kelele akabisha hodi, shangazi aliyefungua mlango saa nane za usiku, askari aliyeandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, badala ya kusema hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkazungumze, au aliyepokea simu kwenye nambari ya msaada, 1195.

Mara nyingine waliotarajiwa kunusuru ndio tatizo. Sheria ya 2015, katika orodha yake ya dhuluma, imewataja hata wakwe wanaoingilia ndoa, pamoja na kumnyima mtu fedha na kumfuatafuata.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kuwaita wote manusura ni kudai kwamba wote walipata mwokozi. Sithubutu.

Basi mimi nikiandika, humuuliza kwanza mwenyewe anataka aitweje. Asipokuwa na la kusema, naandika mwathiriwa, na jina la mtendaji nalitafutia nafasi katika sentensi hiyohiyo. Siku atakayopata pa kulala ambapo mlango haupigwi teke, nalibadilisha.